Kitabu Nacho Kivuke Mkondo

Mwaka 1980 umeme ulivuka bahari kutoka Ras Kiromoni ukaingia Unguja kwa waya uliolazwa chini ya maji. Mwaka 2010 waya mwengine ulitoka upande wa Tanga ukaifikia Pemba. Tangu hapo mwanafunzi wa Wete na mwanafunzi wa Mwanakwerekwe wanasoma usiku kwa taa za namna moja. Lakini vitabu wanavyovisoma chini ya taa hizo si vya namna moja. Umeme umevuka, kitabu bado kimekaa gatini kinasubiri chombo.

Leo safu hii inataka kuzungumza juu ya maktaba zetu, na khasa juu ya jambo moja ndani yake, nalo ni kuazimana vitabu baina ya maktaba na maktaba. Wapo watakaosema kuwa hili ni jambo dogo mbele ya maji, barabara na hospitali. Tunawaomba watu hao wasome mpaka mwisho kabla ya kutoa hukumu.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, mzaliwa wa Pemba, alikuwa akiandika kazi yake ya shahada juu ya maradhi ya mikarafuu. Kijana huyo amekulia chini ya mikarafuu, ameianika karafuu juu ya majamvi tangu hajaanza skuli, lakini kitabu alichokihitaji aliambiwa kiko Unguja. Alipanda meli Mkoani, akateremka Malindi, akaenda moja kwa moja kwenye maktaba ya taasisi moja. Hatuitaji, kwani nia yetu si kumwaibisha mtu. Hapo aliulizwa kitambulisho cha taasisi hiyo, naye hanacho. Akatakiwa alete barua. Alirudi Pemba, akaipata barua, akavuka mara ya pili. Safari hii aliruhusiwa kuingia, lakini akaelezwa kuwa kitabu kile hakitoki nje, na mashine ya kunakilia imeharibika. Alikaa siku mbili akinakili kwa kalamu kurasa arubaini.

Mkutubi aliyempokea hakufanya kosa. Alifuata kanuni alizopewa na wakubwa wake. Lililotuuma ni habari iliyofuata. Baada ya miezi mitatu, kabati la ofisi moja mjini Chake Chake lilifunguliwa ili lihamishwe, na ndani yake kikaonekana kitabu kile kile, nakala nzima, kimefunikwa na vumbi, hatua chache tu kutoka nyumba ya mjomba wake kijana huyo. Nakala zote mbili zilinunuliwa kwa fedha za umma. Zote mbili zilikuwepo wakati kijana yuko baharini anakwenda na kurudi. Kilichomkosesha hakikuwa upungufu wa vitabu bali kutojuulikana kwa vitabu vilivyopo.

Basi na tuhesabu tulivyo navyo. Ipo Maktaba Kuu pale Maisara, na ipo maktaba ya Chake Chake. Kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, chenye makao yake makuu Tunguu na kampasi nyengine hadi Pemba. Kipo Chuo Kikuu cha Zanzibar, nacho hapo hapo Tunguu, na kile cha Abdulrahman Al-Sumait kilichoko Chukwani. Vyote viwili asili yake ni mwaka 1998. Ipo Taasisi ya Sayansi za Bahari, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978. Zipo Nyaraka za Taifa pale Kilimani, hazina ambayo wataalamu huvuka bahari kuu kuja kuisoma. Hapo hatujataja makabati ya wizara, vyumba vya vitabu vya skuli za sekondari, wala rafu za misikiti na madrasa zetu.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Wazanzibari karibu milioni 1.9, na zaidi ya laki tano kati yao wako Pemba. Kwa jamii ya kadiri hiyo, rafu hizi zote zikihesabiwa kuwa rafu moja, sisi si maskini wa vitabu. Lakini rafu hizo zimegawika. Kila nyumba ina orodha yake, kadi yake, kanuni zake na ufunguo wake, na msomaji analazimika kubisha mlango mmoja baada ya mwengine kama mwenye kuomba sadaka. Aliyeko mjini hubisha kwa nauli ya daladala. Aliyeko Konde au Makangale hubisha kwa nauli ya meli, malazi ya ugenini na siku za kazi zilizopotea. Hivyo mgawanyiko huu, ambao hakuna aliyeukusudia, mzigo wake mzito unamwangukia yule aliye mbali zaidi.

Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964, haikusema bure kwa aliye karibu na mji. Hapana shaka kuwa skuli zimejengwa kila pembe ya visiwa hivi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini skuli bila ya vitabu ni ukumbi, na mwanafunzi asiyefikiwa na kitabu amepewa nusu tu ya ahadi ile.

Tukilitaja jambo la kuazimana, wapo wakubwa wa taasisi wanaotujibu kwa methali: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wanasema kila taasisi ijinunulie vyake, iweke vyake, na ilinde vyake. Methali hii ni ya kweli pahala pake, lakini hapa si pahala pake. Methali inazungumzia ndugu wawili wenye mifuko miwili. Maktaba ya Maisara na maktaba ya chuo cha Serikali hazina mifuko miwili. Mfuko wao ni mmoja, nao ni Hazina, na Hazina inajazwa na mchuuzi wa Darajani, mvuvi wa Kojani na mkulima wa karafuu wa Mtambile. Mkulima huyo amekwisha kukilipia kitabu. Kumwambia mwanawe leo kuwa kitabu hicho ni cha watu wengine ni kumuuzia mtu mali yake mwenyewe, tena kumkatalia kuichukua.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli tunakumbuka jinsi juzuu moja ilivyokuwa ikihudumia nyumba nzima. Kaka akikhitimu juzuu ya Amma, ile juzuu humshukia mdogo wake, na mdogo akikhitimu humpa mtoto wa jirani. Jalada lilishonwa tena na tena, kurasa zikatundwa pembeni, lakini juu ya marufaa maneno yalikuwa yale yale. Hatukumsikia mwalimu hata siku moja akisema kuwa juzuu imepungua kwa kusomwa na wengi. Tulipoingia skuli tulisoma watano juu ya kitabu kimoja cha Jiografia, na aliyekaa katikati ndiye aliyekuwa na zamu ya kufungua ukurasa. Wala hili halikuanza na sisi. Wazee wetu waliweka misahafu na vitabu vya elimu kuwa wakfu misikitini, ili asiyekuwa na uwezo asome, na thawabu imfikie aliyetoa. Maana ya wakfu ni kwamba mali haiuzwi wala haifichwi. Shina linabaki na tunda linaliwa. Maktaba ya umma ni wakfu wa taifa. Sijui kwa nini tulichokijua watoto kwenye jamvi la chuo tukisahau tunapokalia viti vya ofisi.

Hata katika eneo letu kubwa la Afrika ya Mashariki jambo hili si geni. Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi, lilikuwa likipeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuwaazimisha wasomaji wa mbali kwa njia ya posta. Sanduku lilikaa pahala muda fulani, kisha likabadilishwa kwa jengine. Hapakuwa na kompyuta wala simu za mkononi. Palikuwa na sanduku la mbao, daftari, na mtu aliyejua wajibu wake. Ikiwa hilo liliwezekana kwa barabara za siku zile, linashindikanaje leo, wakati vyombo vya baharini vinakwenda na kurudi baina ya Unguja na Pemba?

Na wale wanaodhani kuwa bahari ni kisingizio cha kutosha, na watazame visiwa vya Pasifiki ya Kusini. Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1968 na chenye makao yake Suva, Fiji, kinamilikiwa kwa pamoja na nchi 12 za visiwa, na nyengine kati ya hizo ni ndogo kuliko wilaya zetu. Kutoka kisiwa kimoja hadi chengine huko ni mwendo wa mamia na maelfu ya maili za bahari. Hata hivyo nchi hizo zilikubaliana kuwa na chuo kimoja, na kampasi za visiwani zikategemezana kwa vitabu na mawasiliano. Sisi kinachotutenga ni mkondo wa Nungwi, ambao mtu akipanda chombo asubuhi adhuhuri amekwisha kuuvuka. Tena sisi hatuhitaji mkataba wa nchi 12. Tunahitaji wakuu wa taasisi zisizozidi kumi wakae katika chumba kimoja.

Upo upinzani wa pili, na huu unatoka kwa vijana wetu. Wanatuuliza: masanduku ya nini tena, na kila kitu kimo simuni? Swali hili linastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba elimu nyingi sasa inapatikana kwa intaneti, na mengine bila ya malipo. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa HINARI, ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya utabibu bure au kwa bei nafuu. Mwaka 2003 ukafuata mpango wa AGORA wa kilimo, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo. Mipango hii na mengine ya aina yake leo inajuulikana kwa jina moja la Research4Life. Lakini milango hiyo hufunguliwa kwa taasisi zilizojisajili, si kwa kila mpita njia. Daktari wa hospitali ya kijijini ambaye taasisi yake haikusajiliwa, au imesajiliwa na neno la siri limelala katika droo ya ofisa mmoja, anabaki nje ya mlango ulio wazi.

Na kuna jambo ambalo kila ofisa anayetia saini mikataba yafaa alielewe vyema. Kitabu cha karatasi ukikinunua ni chako. Utakisoma, utakiazimisha, utakirithisha. Kitabu cha kompyuta mara nyingi hukinunui, bali unakodi ruhusa ya kukisoma, na mwenye mali ndiye anayepanga masharti. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliziwekea maktaba za Marekani sharti kwamba kitabu chake cha kielektroniki kikishaazimwa mara 26, ruhusa inakwisha na maktaba inapaswa kulipa upya. Kitabu cha karatasi hakijawahi kuwahesabu wasomaji wake. Mikataba mengine inakataza kabisa maktaba moja kuiazimisha nyengine. Kwa hivyo hatari ya zama hizi ni kwamba tutakuwa na vitabu vingi vya kutazama na vichache vya kumiliki, na wema wa kale wa kuazimana utafutwa na kifungu kidogo kilichoandikwa ukurasa wa mwisho.

Dawa yake ni hiyo hiyo ya umoja. Maktaba moja ndogo ikienda peke yake mbele ya mchapishaji wa London au New York, itapewa bei na masharti yaliyokwisha kuandikwa. Zikienda kumi kwa sauti moja, zitaweza kusema: tutanunua, lakini kifungu cha kuazimishana kiandikwe kwanza. Ndiyo maana vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Tanzania vimeunda umoja wa maktaba zao uitwao COTUL. Taasisi zetu zisizoshiriki katika umoja huo na zishiriki, na zilizomo zisiwe wanachama wa jina tu.

Lakini tusiwe watu wa kupokea pekee. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Taifa linaloishi kwa elimu ya kuazima kutoka nje, bila ya kuweka chake mezani, siku wenyewe wakiitaka nguo yao litabaki uchi. Nasi tunacho chetu. Kilimani zipo hati za Kiarabu na za Kiswahili, barua za watawala na daftari za biashara ambazo hazina nakala pengine popote duniani. Majumbani mwetu, Mji Mkongwe na mashamba, Unguja na Pemba, mna miswada ya fikihi, ya tiba, ya unajimu wa mabaharia na ya mashairi, imefungwa katika vitambaa na inaliwa na mchwa. Ndugu zetu wa Lamu walituonyesha njia: miswada ya Msikiti wa Riadha ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Nasi tukifanya vivyo hivyo, na tuweke sharti lisilovunjwa: asili ibaki kwa mwenyewe, nakala ya kwanza ikae Zanzibar, na mtoto wa Zanzibar aisome bila ya kuomba ruhusa ya ng'ambo.

Pia tusiwasahau wenzetu wasioona. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013, unaruhusu maktaba za nchi mbali mbali kupelekeana vitabu vya nukta nundu na vya kusikiliza bila ya kuvunja haki ya mtunzi. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, wanasheria wetu hawana budi kuitazama sheria hiyo na kuhakikisha kuwa haki iliyotiwa saini kwa jina la Jamhuri inamfikia pia kijana asiyeona aliyeko Kengeja.

Hatupendi kuandika malalamiko yasiyokuwa na njia. Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

La kwanza ni orodha moja. Kila kitabu kilicho katika nyumba ya umma, pamoja na yale makabati ya ofisi, kiandikwe katika orodha ya pamoja inayoweza kutazamwa kutoka pahala popote. Programu ya kufanyia kazi hiyo haiuzwi. Ipo Koha, iliyoundwa kwa ajili ya maktaba ndogo za New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, na jina lake kwa lugha ya Wamaori ni zawadi. Gharama yake ni mafunzo, mashine na jasho la wakutubi.

La pili ni kadi moja. Msomaji aliyeandikishwa Chake Chake atambuliwe Maisara na Tunguu, bila ya barua ya sheha, barua ya mkuu wa skuli na barua ya kuthibitisha barua. Vyuo visivyokuwa vya Serikali vikaribishwe kwa makubaliano, kwani wanafunzi wao ni watoto wetu hao hao.

La tatu ni sanduku. Mara moja kwa wiki, siku inayojuulikana, sanduku la vitabu vilivyoombwa litoke Unguja kwenda Pemba, na jengine lirudi. Sanduku moja la kilo chache halitaizamisha meli wala bajeti ya wizara.

La nne ni meza moja ya kununulia. Taasisi zikutane kila mwaka kabla ya bajeti, zigawane kazi: huyu akusanye vya bahari, huyu vya utabibu, huyu vya sheria na dini, huyu vya kilimo. Hivyo hatutanunua kitabu kimoja mara tano na kukikosa chengine kabisa.

Kuna watakaouliza, je, vikipotea? Vitapotea baadhi yake. Lakini kitabu kilichopotea mikononi mwa msomaji angalau kimesomwa, ama kile kilichooza kabatini kimepotea tangu siku kilipofungiwa. Hata hivyo wananchi nao wana wajibu wao. Anayeazima kitabu cha umma akakigeuza mali yake, anamdhulumu mtoto asiyemjua, na dhulma ya namna hiyo haina msamaha mwepesi, kwa sababu aliyedhulumiwa hajuulikani ili aombwe radhi. Mwenye kitabu cha maktaba nyumbani kwake, na akirejeshe wiki hii.

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya elimu, ombi letu ni moja: waiteni wakuu wa maktaba mahala pamoja, na msiwaache waondoke mpaka waagane siku ya sanduku la kwanza. Halihitaji sherehe wala utepe wa kukata. Yatosha siku moja mwalimu wa Micheweni aende maktaba ya Chake Chake, ataje jina la kitabu kilicholala Tunguu, na ajibiwe: njoo Jumatano.